Kesi ya Nyani, Mpelelezi Ngedere

Tuanze na tume, kwa kuwa ndiyo tuliyoahidiwa. Tarehe 1 Oktoba 2013, siku kumi baada ya magaidi kuvamia jumba la maduka la Westgate, viongozi wa dini mbalimbali walikusanyika Nairobi kuliombea taifa, na Rais Uhuru Kenyatta akasema mbele yao kwamba ataunda tume ya kuchunguza ilikuwaje.

Sisi Wakenya tume huwa tunazicheka. Tunazijua kwa majina ya wenyeviti wake, Akiwumi, Ndung'u, Kriegler, Waki, na mwenendo wake tumeukariri: wanaapishwa, wanazunguka nchi, watu wanalia mbele yao, ripoti inakabidhiwa kamera zikimulika, halafu kabati linafungwa. Wazee wa mtaani husema serikali ikitaka jambo lisahaulike huliundia tume. Basi hili la Westgate halikuundiwa hata hiyo. Rais alimaliza muhula wa kwanza, akamaliza wa pili, akastaafu, na tume haijateuliwa hata karani. Ndiyo mara ya kwanza tunalilia kitu ambacho tukipewa huwa tunakidharau.

Nani sisi wa kulalamika? Hatuna cheo. Ni wale waliopanga foleni Uhuru Park kutoa damu, waliotuma mia mia kwa M-Pesa, waliopika masufuria ya chai na kuyapeleka ukumbi wa Oshwal kule Westlands ambako familia zilikuwa zikingoja habari za watu wao. Tuko pamoja, tuliambiwa, na kweli tulikuwa pamoja, Mhindi na Mkikuyu na Msomali, kwa siku nne nzima. Kisha mambo yakaingia ofisini na kortini, na sisi tukaambiwa tungoje nje.

Tuyasimulie kidogo, maana kuna watoto walio sekondari leo ambao hawakuwa wamejua hata kusoma. Ilikuwa Jumamosi, 21 Septemba 2013, saa sita mchana. Juu, kwenye maegesho ya magari, kulikuwa na mashindano ya watoto ya kupika. Watu 67 waliuawa. Alikuwamo mshairi Kofi Awoonor wa Ghana, aliyekuja Nairobi kwa tamasha la vitabu. Alikuwamo mpwa wa Rais mwenyewe pamoja na mchumba wake. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba wakubwa hawakuguswa. Waliguswa, wakazika kama sisi, na tume bado haikuundwa.

Halafu zikaja siku nne za kuelezwa. Magaidi ni kumi hadi kumi na watano, tuliambiwa; baadaye wakawa wanne. Ghorofa zote ziko mikononi mwetu, tuliambiwa, na huku watu wa Parklands wanahesabu milio ya risasi. Moshi mweusi ulipopanda Jumatatu, Waziri wa Usalama Joseph ole Lenku akatueleza kwamba magaidi wanachoma magodoro. Magodoro! Sehemu ya jumba ikaporomoka, magari yaliyokuwa juu yakawa chini, na nani aliyeiporomosha, kwa silaha gani na kwa amri ya nani, tuliishia kuokoteza magazetini. Waziri huyo aliondolewa wizarani mwishoni mwa 2014, baada ya abiria 28 na kisha wachimba mawe 36 kuuawa Mandera. Mwaka 2017 watu wa Kajiado wakamchagua gavana, na 2022 wakamrudisha. Hiyo ni haki yao na yake. Ila sisi tuliobaki na hadithi ya magodoro hatujapata mtu wa kumrudishia.

Kisha kamera za usalama zikaonyesha wanajeshi wakitoka ndani ya supamaketi ya Nakumatt na mifuko myeupe ya plastiki. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Julius Karangi, akasema walichukua maji kwa sababu ya kiu. Wenye maduka waliporudi wakalalamika kwamba vito, simu na pesa za droo vimetoweka. Hatimaye wanajeshi wawili wakafukuzwa kazi na kufungwa. Wawili! Katika vita vya siku nne, vyenye makamanda wa kila rangi ya kofia, nchi ilipata wakosaji wawili, tena wa ngazi ya chini. Aliyewapa amri alikuwa amesimama wapi?

Na yupo yule kamanda wa polisi wa kikosi cha Recce. Iliripotiwa kwamba alipigwa risasi na wanajeshi waliomdhania adui, na wenzake wakajiondoa wakati walikuwa wameanza kuwabana wavamizi. Jambo la namna hiyo, katika nchi yenye mahakama, lina maswali yake: nani aliliingiza jeshi, nani alikuwa msimamizi mmoja wa operesheni, redio za polisi na jeshi zilikuwa zikisikilizana au la. Hayo si maswali ya kuiua serikali. Kila anayegonga gari la mwenziwe barabarani anaulizwa zaidi ya hapo na afande wa trafiki.

Bunge, tukubali, lilijaribu. Kamati mbili ziliungana zikaandika ripoti, ikalaumu ufisadi wa idara ya uhamiaji na ikasema onyo kuhusu majumba ya biashara lilikuwepo kabla. Machi 2014 Bunge likaikataa kwamba ni duni. Huenda ilikuwa duni kweli. Vipande tulivyovisoma havikutushangaza kwa akili. Lakini fundi akikushonea suruali mbovu unamwambia arudie. Huendi sokoni uchi kisha ukasema suala la suruali limefungwa.

Kesi je? Hapo ndipo penye uchungu.

Usiku wa 24 Septemba Rais alitangaza kwamba washukiwa 11 wamekamatwa. Novemba walioshtakiwa wakawa wanne. Januari 2019 mmoja akaachiliwa, hana kesi ya kujibu. Oktoba 2020, miaka saba baada ya shambulio, Hakimu Mkuu Francis Andayi akawatia hatiani wawili na kumwachilia mmoja. Mmoja wa wafungwa hao alipewa miaka 33 na mwenziwe 18, ikapunguzwa kwa muda waliokaa rumande. Kosa lao ni kula njama na kulisaidia kundi la kigaidi, na kilichowabana ni mawasiliano yao ya simu na wavamizi. Hatuwatetei. Mtu aliyempigia simu muuaji asubuhi ya mauaji ana maelezo ya kutoa, na hakimu alisikiliza maelezo yao akaamua.

Ila tazameni hesabu yenyewe: kumi na mmoja, wanne, wawili. Wavamizi walikufa ndani ya jumba. Mtu ambaye Marekani ilimtaja kuhusika na shambulio hilo aliuawa kwa droni nchini Somalia Machi 2015, na maiti hahojiwi. Kwa hiyo katika mambo yote ya siku zile nne, jambo ambalo mahakama ya Kenya imelichunguza kwa kiapo na kulitolea hukumu ni nani alimpigia nani simu. Silaha zilipita mpaka gani, nani alipewa kitu kidogo ili zipite, nani alipokea onyo akalikalia, hayo hayakuwa ndani ya hati ya mashtaka, na hakimu hawezi kuamua yasiyoletwa mbele yake. Anayeleta ni mwendesha mashtaka.

Kabla hatujamfikia huyo, hebu tumalize la yule aliyeachiliwa Oktoba 2020. Alitoka kizimbani mtu huru. Siku iliyofuata watu wenye silaha walilizuia gari alilokuwamo, wakamchukua. Hakimu wa Jamhuri, baada ya miaka saba ya mashahidi, anasema hana hatia. Mtu asiye na jina wala kitambulisho anajibu, sisi tunasema anayo. Wenzetu wengine wa Nairobi walishtuka. Wa Mombasa hawakushtuka. Wao walimwona mhubiri Aboud Rogo akiuawa kwa risasi Agosti 2012 akiwa na familia yake garini, huku ana kesi inayoendelea. Walimwona mhubiri mwenzake Makaburi akimiminiwa risasi Aprili 2014 alipotoka mahakamani Shanzu. Wapo kati yetu waliochukia mahubiri ya watu hao, na wapo waliosema afadhali. Walisahau kwamba mshukiwa akiuawa nje ya korti, yote aliyoyajua kuhusu waliomtuma na waliomlipa huzikwa naye. Ofisi ya mashtaka iliunda jopo kuhusu kifo cha Rogo, jopo likapendekeza uchunguzi wa kifo hicho ufanywe mahakamani. Wa kuhukumiwa hatujamwona.

Na watu wa Eastleigh wana lao. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa usiku na mchana, wakafungiwa uwanja wa Kasarani, pale tunapokwenda kushangilia mpira. Kina mama na watoto mgongoni, wengine na vitambulisho halali vya Kenya mkononi. Westgate ilitoa wafungwa wawili. Kasarani ilipokea maelfu bila mashtaka. Mzee mwenye duka la vitambaa pale Eastleigh alitwambia kwamba yeye ameibiwa na magaidi mara moja na polisi kila Ijumaa, na hajui faili lipi alifungue kwanza.

Sasa tufike kwa mwendesha mashtaka.

Katiba tuliyoipigia kura Agosti 2010 ina Kifungu cha 157. Kinasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye sote tunamwita DPP, haombi idhini ya mtu yeyote kufungua kesi, wala hapokei amri ya mtu wala mamlaka yoyote katika kazi yake. Hamkuwepo enzi za zamani nyinyi vijana: Mwanasheria Mkuu alikuwa mshauri wa serikali asubuhi na mshtaki mkuu jioni, na kwenye korti za mahakimu aliyesimama kukushtaki alikuwa polisi, mwenzake yule aliyekukamata. Kifungu cha 157 kilikuja kutuondolea hayo. Tena kinampa DPP uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze jambo, na Inspekta Jenerali lazima atii. Kwa maandishi, hakuna nchi ya kututisha.

Shida ni kwamba DPP anaweza kuagiza uchunguzi, lakini wa kwenda kuufanya ni polisi. Kwa mwizi wa ng'ombe au aliyeghushi hati ya shamba, hiyo inatosha. Lakini swali likiwa polisi wenyewe walikuwa wapi, uhamiaji ulimpitisha nani, jeshi liliingia kwa amri ya nani, basi anayetumwa kuleta ushahidi ndiye anayehojiwa. Waswahili walikwisha kusema kuhusu kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Hapa tumeboresha, hakimu tumempata mwingine, ila mpelelezi ni ngedere yuleyule. Mtatuambia ipo IPOA ya kuwachunguza polisi. Ipo, na inafanya kazi ngumu kwa bajeti ndogo. Lakini mkono wake hauingii kambi ya jeshi, wala hauingii ofisi za ujasusi, na huko ndiko maswali yetu mengi yalikolala.

Kisha kuna kiti chenyewe. Katiba inampa DPP miaka minane, kipindi kimoja, haongezewi, ili asiwe na cha kumwomba mkubwa wala cha kumwogopa. Wazo zuri. Keriako Tobiko alikikalia tangu 2011. Mapema 2018 akateuliwa waziri. Noordin Haji akakirithi 2018, akitokea idara ya ujasusi. 2023 akateuliwa mkurugenzi mkuu wa idara hiyohiyo ya ujasusi. Hakuna aliyevunja sheria hapo, na hatusemi watu hao waliuza kesi. Tunasema hivi: wawili wa kwanza kukalia kiti cha uhuru chini ya Katiba mpya, wote wawili waliondoka kabla ya miaka minane, wote kwa uteuzi wa Rais, kwenda kwenye kazi ya serikali iliyo kubwa zaidi. Ungekuwa wewe umekalia kiti hicho, na faili la Westgate liko mezani, na jioni unasikia jina lako linatajwa kwa wizara, kalamu yako ingekuwa nzito au nyepesi? Jaribu kutujibu bila kucheka. Na yule wa ujasusi: idara aliyotoka na kurudi ndiyo ile ambayo tungependa iulizwe kama onyo la Westgate ilimpelekea nani, saa ngapi, na yeye alifanya nini.

Tunajua mwendesha mashtaka huru anafananaje, msidhani hatujui. Tulikuwa naye kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague. Siku Westgate inavamiwa, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alikuwa na kesi iliyoanza tarehe 10 mwezi huohuo. Majaji wakamruhusu arudi nyumbani wiki moja kwa sababu ya janga. Rais mwenyewe alikuwa akingoja yake. Fikirini picha hiyo: nchi imeshambuliwa, na viongozi wake wawili wa juu wana washtaki. Sasa kilichotokea baadaye ndicho cha kutufundisha. Desemba 2014 mwendesha mashtaka wa Hague, Fatou Bensouda, aliiondoa kesi ya Rais, akilalamika kwamba mashahidi wameingiliwa na kwamba serikali ya Kenya haikumpa rekodi alizoziomba. Aprili 2016 majaji wakaivunja ya Naibu. Kuna miongoni mwetu waliochinja mbuzi siku hiyo, na wengine waliolia, na mpaka leo hatukai meza moja tukalizungumza bila sauti kupanda. Lakini jambo moja sote tuliliona: mshtaki alikuwa na uhuru wote wa dunia, hakuwa na makaratasi, na makaratasi yalikuwa kwa washtakiwa. Tukitoka Hague tukarudi Milimani, ni hadithi ileile kwa mahakama ndogo zaidi.

Wala asituambie mtu kwamba kuwashtaki wenye amri haiwezekani hapa kwetu. Oktoba 2022 ofisi hiyohiyo ya DPP ilitangaza kuwashtaki maafisa 12 wa polisi kwa ukatili wa baada ya uchaguzi wa 2017 kule Kisumu, ule uliomuua mtoto Samantha Pendo, na ikatumia sheria ya makosa ya kimataifa ambayo inawafikia hata wasimamizi. Kesi hiyo imekwama na kujikokota, inatuudhi, tutailalamikia siku yake. Lakini ilithibitisha kwamba wino upo. IPOA ilichunguza, polisi hawakuachiwa wajichunguze, na faili likapata majina.

Wenye makovu ya 1998 wakitusikia tukilia kwa miaka kumi na kitu, wanatuona watoto. Ijumaa ya 7 Agosti 1998, kwanza ulisikika mlipuko mdogo, watu wa maofisini wakakimbilia madirishani kutazama, na ndipo bomu lenyewe likalipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Ndiyo sababu Nairobi ina watu wengi wa rika moja waliopofuka siku moja. Watu 213 walikufa hapa, 11 Dar es Salaam ambako nako ubalozi wao ulilipuliwa, maelfu wakajeruhiwa, jengo la Ufundi likaanguka lote. Washukiwa walikabidhiwa Wamarekani, kesi ikasikilizwa New York, na Oktoba 2001 wanne wakafungwa maisha. Mmoja wao ni Mtanzania kutoka Zanzibar. Mtanzania mwingine, Ahmed Ghailani, alikamatwa Pakistan 2004, akapitishwa Guantanamo, na alipofikishwa mbele ya juri New York mwaka 2010 akakutwa na hatia katika shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280. Moja hilo likatosha kumfunga maisha. Tanzania ilimshtaki mtu mmoja katika mahakama yake, 2004 akaachiliwa.

Kesi ya New York ilikuwa kesi kamili, hatukatai. Mawakili wa utetezi wazuri, mashahidi wakapelekwa kwa ndege, ushahidi ukawekwa wazi, hadi leo mtu anaweza kuusoma. Ila maiti wengi walikuwa wetu na meza ilikuwa yao, na meza ikiwa ya mtu ndiye anayegawa chakula. Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335 ili itolewe kwenye orodha ya Marekani ya wafadhili wa ugaidi, jambo lililokamilika 2020, pesa hizo zilikuwa za raia wa Marekani na za waliokuwa wakifanya kazi ubalozini na familia zao. Karani wa Ufundi hakuwamo. Abiria aliyekuwa ndani ya basi Haile Selassie Avenue hakuwamo. Bomu halikuuliza pasipoti, hundi iliuliza. Wazee hao wamepeleka kilio Seneti, Seneti ikaunda kamati, na kila Agosti wanavaa suti zao wanaenda kwenye bustani ya kumbukumbu, wanasimama mbele ya ukuta wenye majina.

Garissa tuseme kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo. Ni kwamba maneno huisha. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, chuo kikuu kilivamiwa, wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Kikosi cha Recce kilichotoka Nairobi kilifika wakati wavamizi wanne walikuwa wameua kwa saa nyingi, na kilipokwisha kuingia kazi ikaisha haraka. Iliripotiwa kwamba ndege ya polisi ilikuwa imekwenda Mombasa kuchukua familia ya afisa. Nani aliulizwa kwa kiapo kuhusu ndege hiyo? Mwaka 2019 mahakama iliwafunga watatu, mmoja maisha na wawili miaka 41 kila mmoja. Novemba 2021 mmoja wa hao wa miaka 41 akatoroka Kamiti na wenzake wawili, wakakamatwa Kitui siku chache baadaye. Hapo mashtaka yalikuja mbio! Askari jela walikuwa kizimbani kabla wiki haijaisha. Kumbe serikali ikitaka kumshtaki mtumishi wake kwa uzembe inajua njia, bora mtumishi awe wa mshahara mdogo.

Kwenye shambulio la hoteli ya DusitD2 tuwape askari haki yao. Januari 2019 kikosi kiliingia mapema, watu wengi waliokolewa, na 2025 Mahakama Kuu ikawafunga wawili waliowasaidia wavamizi, miaka 30 kila mmoja. Waliouawa walikuwa 21. Imechukua miaka sita na wamepatikana wasaidizi wawili. Tunaanza kuizoea hesabu hii.

Wakati hayo yote yakiendelea, kitu pekee kilichobadilika mara moja ni sisi kupekuliwa. Mlango wa kila duka kubwa una soja na kile kidude cha kukagulia chuma. Kinalia. Anauliza, ni simu? Unasema ni simu. Unapita. Mama mboga anafunguliwa kiondo chake chenye sukuma na nyanya, mwanafunzi anaambiwa afungue begi, na gari lenye vioo vyeusi linafunguliwa geti kwa saluti. Soja mwenyewe analipwa kidogo, hana bunduki, na ndiye wa kwanza kufa siku likitokea. Ukisoma usalama wa Kenya tangu 2013 kwa kutazama tu mlango wa supamaketi, utadhani tume iliundwa kweli, ikachunguza, na ikagundua kwamba mkosaji alikuwa mnunuzi.

Na pesa? Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, iliyopitishwa mwaka mmoja kabla ya Westgate, ina mfuko ndani yake, mfuko wa kuwafidia waathiriwa wa ugaidi. Tumeuliza Kangemi, tumeuliza Garissa, tumewauliza hata wale wazee wa Agosti: hatujampata jirani aliyewahi kutoa shilingi ndani ya mfuko huo. Sheria ya 2017 ya kuunda ofisi ya kuchunguza vifo vya kutatanisha nayo ilipitishwa, ikatiwa sahihi, na miaka ikapita bila ofisi kufunguliwa mlango. Tuna sheria nzuri, wageni huja kuzinakili.

Hatudai wakubwa wafungwe. Kuna wenzetu wanaodai, wana hasira zao na hatuwazuii, lakini sisi wengine tungetosheka na kidogo zaidi ya hapo. Tungependa DPP awe na wapelelezi wake mwenyewe, wasioripoti kwa Inspekta Jenerali wala kwa jenerali, kwa siku zile chache ambapo dola ndiyo inayoulizwa. Tungependa anayekalia kiti hicho akatazwe, kwa miaka kadhaa, kupokea uteuzi wa Rais akitoka. Wanasheria watatuambia hilo linagusa Katiba na linahitaji kura ya maoni. Wanagusa Katiba kila wakitaka viti zaidi, watashindwa na hili?

Na kabla ya kura ya maoni kuna jambo lisilohitaji hata bunge. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Tunajua, watasema usalama wa taifa, siri, adui atasoma. Sawa, wapake wino mweusi juu ya majina ya majasusi na namba za redio. Sisi tunataka ukurasa mmoja tu: baada ya Septemba 2013, DPP alimwagiza Inspekta Jenerali achunguze nini kuhusu Westgate, tarehe ngapi, na alijibiwa nini. Kama hakuagiza chochote, waandike hivyo, kwamba hakuagiza chochote, na watie mhuri. Waandike hata kwa Kiingereza chao kigumu cha kortini. Mitaani kwetu hakukosekani mtoto wa chuo wa kutusomea.